Farasi Aliyetaka Kusamehewa

Katika nyumba nyingi za bonde letu la Kilombero neno "katuni" lina maana moja tu: kitu cha kumnyamazisha mtoto. Mama yuko jikoni, mtoto analia, basi anapewa simu. Paka anamfukuza panya, na nyumba inatulia. Kwa hiyo mtu mzima akionekana, iwe Mlimba au Mang'ula au hapa Ifakara mjini, ameketi akitazama picha za kuchora, wenzake humcheka na kumwuliza kama amerudia utoto.

Hata hivyo ziko katuni ambazo hazikutengenezwa kwa ajili ya watoto hata kidogo. Mna ulevi ndani yake, mna uzinzi, matusi na vifo, na vyote hivyo vimefungwa katika kicheko. Vijana wetu wanazijua. Huenda kwa mafundi wa kurusha filamu wakiwa na flashi mkononi, wakalipa kidogo, wakarudi na filamu za kuwatosha mwezi mzima. Na mwenye bando la kutosha huzitazama moja kwa moja kwenye simu. Wazazi wakipita nyuma yao huona farasi aliyevaa koti, au mtu mnene wa rangi ya manjano, wakadhani ni mambo ya kitoto, wakaendelea na shughuli zao.

Katika ofisi ya parokia kijana mmoja wa kwaya aliniuliza swali moja: "Karani, yule farasi ataokoka?" Alikuwa anasema juu ya BoJack Horseman, mchezo wa katuni wa Marekani ulioonyeshwa na Netflix tangu Agosti 2014 mpaka Januari 2020, wenye sehemu 77 kwa jumla. Swali lake si la kipuuzi. Nadhani mchezo ule unalitazama jambo la toba kwa makini kuliko filamu nyingi za machozi ambazo sisi watu wazima hukesha nazo, na ndiyo sababu nimeona yafaa niueleze hapa.

FISI ANAKUFA, FISI ANAFUFUKA

Kwanza, mtu asishangae kwamba mwenye dhambi katika mchezo huo ni farasi anayevaa viatu na kunywa pombe. Mtu aliyelelewa kwa hadithi za jioni hana ugeni na jambo hilo. Tangu lini mnyama wa hadithi akawa mnyama tu? Fisi wetu huoa, hukopa, huenda kuposa akiwa amevaa vizuri, na hushitakiwa mbele ya Simba. Sungura hulewa, hudanganya, huiba karanga za jirani, naye huponyoka siku zote. Babu na bibi zetu hawakuzitunga hadithi hizo kwa watoto peke yao. Watu wazima walikaa motoni pale pale, wakacheka pale pale, na mara nyingi mzee alikuwa anamsema jirani aliyeketi mbele yake kwa kinywa cha Fisi.

Ila ziangalie hadithi hizo uone kitu kimoja. Jioni hii Fisi anakufa kwa ulafi wake: amepasuka tumbo, au ameanguka shimoni. Kesho jioni yu hai tena, ana njaa ile ile, na hakumbuki shimo. Sungura naye hana siku hata moja aliyojuta. Hadithi hutuonyesha uovu na adhabu yake, lakini toba hatuioni, kwa sababu mwenye kutubu sharti akumbuke, na wanyama wale hawana jana.

Vichekesho vya kuchorwa vilipoingia katika magazeti yetu ya Kiswahili vilishika njia hiyo hiyo. Huko Kenya Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa zaidi ya nusu karne, hasa katika Taifa Leo. Serikali zilibadilika na bei ya unga ikapanda, lakini Juha alibaki juha. Kwetu, miaka ile ya baada ya Azimio la Arusha la 1967, Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na wafanyakazi wengi waliufungua ukurasa wake kabla ya kusoma habari yoyote. Baadaye jarida la Sani likatuletea akina Ndumilakuwili, ambaye jina lake tu latosha kueleza tabia zake. Hao wote walitufaa sana, kwa maana mlevi aliweza kujiona alivyo bila kutajwa jina. Lakini hakuna aliyengoja kumwona Ndumilakuwili akitubu. Angetubu, jarida lingekosa mtu wa kuchekwa juma lijalo!

Hata The XYZ Show, kipindi cha vikaragosi vya mpira kilichoanza kuonyeshwa nchini Kenya mwaka 2009, kilikuwa na kazi ya namna hiyo. Mwanzilishi wake ni mchoraji Gado, yaani Godfrey Mwampembwa, mzaliwa wa Dar es Salaam. Humo wakubwa wa siasa walitolewa nje bila nguo zao za heshima, na watu wazima wakacheka mpaka wakashika mbavu. Kuumbua wakubwa ni kazi yenye faida kwa nchi. Lakini aliyeumbuliwa hajawa ametubu. Mara nyingi amekasirika tu.

AMRI YA SABA NA WAYA WA TELEVISHENI

Katuni ya watu wazima iliyo maarufu kuliko zote duniani ni The Simpsons, ambayo Matt Groening aliibuni mwaka 1987 kama vipande vifupi, ikawa kipindi kamili tangu Desemba 1989. Baba wa nyumba ile, Homer, ni mnene, mvivu, mpenda bia. Mkewe Marge ni mvumilivu. Watoto ni Bart, Lisa na Maggie. Na tofauti na familia nyingi za televisheni, hawa huenda kanisani Jumapili, ingawa Homer husinzia wakati wa mahubiri, jambo ambalo nadhani halihitaji tafsiri kwa watu wa parokia yoyote.

Sehemu moja iliyoonyeshwa Februari 1991 inamhusu Homer akimhonga fundi amwunganishie televisheni ya waya kwa wizi. Nyumba nzima inafurahi. Lakini binti yake Lisa amefundishwa katika shule ya Jumapili kwamba wezi wataungua motoni, basi kila akiitazama televisheni ile anaona moto sebuleni. Mtoto hafokei mtu. Anakataa tu kuitazama, anakwenda kukaa nje, na mama yake anamfuata. Mwisho Homer anatoka na mkasi akakata waya. Katika hesabu ya Waprotestanti wa Marekani hiyo ni Amri ya Nane, na ndivyo inavyotajwa katika jina la sehemu hiyo; kwa hesabu yetu Wakatoliki ni ya Saba, usiibe. Mwaka huo huo ilipewa tuzo ya Emmy. (Na wale wanaoitazama Ifakara kwa nakala ya flashi, ambayo mwenye kazi hakulipwa hata senti, wana jambo la kucheka zaidi ya Wamarekani.)

Gazeti la Vatikano, L'Osservatore Romano, liliandika mwaka 2010 kwamba Homer na mwanawe Bart ni Wakatoliki, maneno yaliyowachekesha hata wenye kipindi, kwa maana kanisa la katuni ile ni la Kiprotestanti. Hata hivyo gazeti lile halikukosea kuona kwamba humo dini haitupwi nje ya maisha ya nyumba.

Basi kasoro iko wapi? Ni ile ile ya Fisi. Homer amemkosea mkewe mara nyingi mno, amejuta, ameomba radhi, ameleta maua, amesamehewa. Na juma lililofuata ameanza upya kana kwamba hakuna lililotokea. Watoto wake hawajakua tangu mwaka 1989. Marge hana kovu. Katika mji ule msamaha ni rahisi kwa sababu hakuna anayekumbuka. Sisi twacheka, na kicheko si dhambi, lakini mwanamume akifanya desturi ya Homer katika nyumba ya kweli, ambamo mke ana kumbukumbu, maua hayatatosha.

HABARI ZA FARASI

BoJack Horseman alitungwa na Raphael Bob-Waksberg, na sura za wanyama wake zikabuniwa na mchoraji Lisa Hanawalt. BoJack ni farasi aliyekuwa mashuhuri katika televisheni ya Marekani miaka ya 1990, kwa kipindi cha kuchekesha ambamo aliwalea yatima watatu. Katika kipindi kile kila shida ilitengenezwa kwa nusu saa, na wote wakakumbatiana. Sasa amezeeka kidogo, ni tajiri, ni mlevi, hana rafiki wa kweli, na kosa lake kubwa ni kudhani kwamba maisha nayo yatatengenezwa kwa nusu saa.

Sehemu za mwanzo ni chafu na si nzuri sana. Wengi huacha hapo, wala siwalaumu. Ila katika msimu ule ule wa kwanza BoJack anakwenda kumtembelea rafiki yake wa zamani, Herb. Herb ndiye aliyemvuta na kumwingiza kazini. Herb alipopatwa na kashfa, BoJack alikuwa ameahidi kusimama naye. Wakubwa wa kituo walipomfukuza Herb, BoJack akanyamaza ili aendelee kula. Miaka ikapita, hata barua hakumwandikia. Sasa Herb ni mgonjwa wa kansa kitandani, na BoJack anakuja kuomba radhi.

Sisi watazamaji tunajua kitakachofuata, kwa maana tumekiona katika filamu mia: machozi, kushikana mikono, mgonjwa anakufa kwa amani. Haikuwa hivyo. Herb anamsikiliza, kisha anakataa. Anamwambia kwamba hamsamehi, na kwamba BoJack hana budi kuishi na tendo lake. Tena anamwambia kuwa hakuja kwa ajili ya mgonjwa, amekuja ili yeye mwenyewe ajisikie nafuu. Wakaishia kugombana na kusukumana, mzima na mgonjwa, na hawakupatana tena.

Mkristo atasema, na atasema kweli, kwamba Herb naye ameamriwa kusamehe, sabini mara saba. Lakini tuangalie amri ile imeelekezwa kwa nani. Ameambiwa aliyekosewa, naye atajibu kwa Mungu. Aliyekosa hakupewa risiti ya kwenda nayo mlangoni kwa mwenzake kudai msamaha kama mtu anayedai deni la mpunga.

Makosa ya BoJack yanaendelea, na hapa ndipo katuni hii inapoachana na zote nilizozitaja: kila kosa linabaki. Mmoja wa wale yatima wa kipindi chake cha zamani, Sarah Lynn, alianza kuigiza akiwa na miaka mitatu; amekuwa mwimbaji mashuhuri na mtumwa wa madawa ya kulevya. Ameacha madawa kwa miezi tisa. BoJack, kwa kuwa hapendi kulewa peke yake, anampigia simu. Msichana yule anakufa. Hiyo ni katika msimu wa tatu, mwaka 2016. Mtazamaji anadhani mambo yamekwisha, lakini katika msimu wa sita inafunuliwa kwamba BoJack, alipoona msichana amezimia, alikaa dakika 17 kabla ya kuita gari la wagonjwa, akijitungia hadithi ya kuwaambia polisi ili yeye asiguswe. Dakika 17! Waandishi wa mchezo walimpa mtazamaji miaka kadhaa ya kumhurumia farasi, ndipo wakamwonyesha saa.

Tena lililo gumu: hayo yanafunuliwa wakati BoJack ameanza kujirekebisha kweli. Amekwisha kukaa katika nyumba ya kutibu walevi, ameacha pombe, amepata kazi ya kufundisha uigizaji, wanafunzi wanampenda. Kijana wa kwaya aliona hapo ni uonevu. Mtu ametubu, ya nini kumfukulia ya zamani? Nikamwuliza kama mama wa Sarah Lynn alikuwa ameelezwa habari za zile dakika 17. Akafikiri kidogo.

Katika katekisimu sote tulifundishwa kwamba mwenye kutubu hujuta, huungama, na hutimiza malipizi. BoJack ana majuto mengi mno, angeweza kuyauza. Maungamo yake ni nusu: anayataja yale yanayojulikana tayari. Malipizi ndiyo hasa hakuwahi kuyagusa. Zakayo aliposhuka mtini hakusema kwamba moyo unamwuma. Alitaja hesabu, nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemdhulumu. Farasi huyu ana maneno, Zakayo alikuwa na tarakimu.

NENO "YAISHE"

Nimelitilia mkazo jambo hili kwa sababu ya desturi yetu wenyewe. Mtu akikosa kwetu, wazee hukutanisha pande mbili, na hiyo ni hekima kubwa; magomvi mengi ya mashamba na ya ndoa katika bonde hili yameponywa chini ya mwembe. Lakini mara kwa mara baraza huwa na haraka. Mume aliyempiga mkewe kwa ajili ya ulevi anasema "nisamehe" mara moja, akitazama chini. Hapo macho yote yanamgeukia mke. Shangazi anamkanyaga mguu. Mzee anasema, "Haya mama, yaishe." Sasa mwenye kushitakiwa amekuwa mwanamke! Asiposema "yameisha" ataitwa mwenye moyo mgumu, na pengine atasomewa Injili. Naye anasema yameisha, wanakunywa chai, wanatawanyika, na siku ya kuuza mpunga mume yule yuko kilabuni tena.

Hilo ni igizo la Homer, wala si toba. Nimemwona pia mume wa namna nyingine. Huyo hakuomba kitu mbele ya watu. Aliacha pombe, akaanza kumkabidhi mkewe fedha ya mavuno, akakubali mke akae kwa ndugu zake Malinyi mpaka mwenyewe aone imetosha. Ikachukua masika mawili. Sijui kama neno "nisamehe" lilitamkwa siku ya kurudi.

WATOTO WALALE KWANZA

Kwa wazazi nina neno dogo. Mwaka 2017 Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya ilizuia vipindi sita vya katuni visionyeshwe, ikisema vinawafundisha watoto mambo yaliyo kinyume na maadili, na magazeti yakajaa mabishano. Hivyo vilikuwa vipindi vilivyokusudiwa hasa watoto. BoJack Horseman si cha watoto, wala The Simpsons si cha kumwachia mtoto wa darasa la pili. Alama ya umri huandikwa mwanzoni mwa picha, nayo huandikwa ili isomwe. Nakala za flashi mara nyingi zimekatwa alama hiyo. Kwa hiyo baba atazame mwenyewe dakika kumi za mwanzo kabla ya kumwachia mtu simu. Katika BoJack dakika tano zitamtosha!

Na kwa watu wazima, lugha ni kikwazo. Utamu mwingi umo katika mazungumzo ya haraka ya Kiingereza, na wale mabingwa wetu wanaotafsiri filamu kwa Kiswahili hupenda zaidi za ngumi na bunduki. Mwenye Kiingereza cha kutosha na moyo wa kuvumilia uchafu wa mwanzo aweza kujaribu. Mwenye kuwa katika vita na pombe aende polepole, kwa kuwa mna sehemu zitakazomchoma.

Sasa lile swali la kijana. Mwisho wake ni huu: BoJack anarudia pombe, anavunja na kuingia katika nyumba iliyokuwa yake kwanza, anakaribia kufa maji katika bwawa la kuogelea, na anahukumiwa miezi 14 gerezani kwa kosa la kuvunja nyumba. Kwa Sarah Lynn hakuna hakimu aliyemhukumu. Anapewa ruhusa ya siku mbili kuhudhuria harusi ya rafiki. Usiku ule anaketi juu ya paa na Diane, mwanamke aliyekuwa rafiki yake mkuu, ambaye sasa ameolewa na kuhamia mbali. Wanazungumza, wananyamaza, wanatazama nyota, na picha inakoma hapo. Hatuambiwi kama wataonana tena.

Ana pia mdogo wake wa baba mmoja, Hollyhock, ndugu pekee aliyempenda bila faida. Huyo alipoyasikia aliyoyatenda BoJack aliacha kupokea simu zake, kisha akamwandikia barua moja. BoJack anaifungua na kuisoma peke yake. Mtazamaji haonyeshwi hata mstari mmoja wa barua ile.